Wastani wa shule unamhesabu nani? Uzi kuhusu kupanga shule kwa matokeo ya mitihani

Chaki Nyeupe

Wakuu, salaam.

Kila matokeo ya darasa la saba au ya kidato cha nne yanapotoka, ubishi uleule huibuka: Baraza la Mitihani la Tanzania lirudishe orodha ya shule kumi bora na kumi za mwisho, au liendelee na msimamo wake wa tangu Januari 2023 wa kutotangaza shule bora wala mwanafunzi bora? Nimeufuatilia ubishi huo kwa miaka bila kuandika neno, kwa kuwa nilikuwa bado kazini, tena katika nafasi ya mwalimu wa taaluma, mtu ambaye hesabu zote za ufaulu wa shule hupita mezani kwake. Sasa nimestaafu. Nina jambo moja tu la kusema: pande zote mbili zinagombania nafasi ya shule kwenye orodha, na hakuna anayeuliza wastani unaoipanga orodha hiyo umepatikana kwa kuwahesabu watoto gani.

Naanzia 2013, kwa sababu huo ndio mwaka ambao orodha ilianza kutunyima usingizi. Matokeo ya 2012 yalikuwa msiba. Waliofaulu darasa la saba walikuwa takriban asilimia 31, na kidato cha nne zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, yaani walifeli. Serikali ikaja na Matokeo Makubwa Sasa, mpango ulioigwa kutoka Malaysia, ukiwa na malengo ya ufaulu ya asilimia 60 kwa mwaka 2013, 70 kwa 2014 na 80 kwa 2015. Ndani yake mlikuwa na mengi ya maana, yakiwemo ruzuku za shule, malipo ya madai ya walimu, upimaji wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la pili, na tuzo kwa shule zilizopiga hatua. Lakini lililotufikia mapema kuliko yote, kwa kuwa halikuhitaji fedha, lilikuwa lile la kuzipanga shule zote nchini kwa matokeo na kuzipaka rangi: kijani, njano na nyekundu. Sisi tulikuwa nyekundu.

Katika wilaya niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja, kikao cha tathmini kilifanyika kwenye ukumbi wa halmashauri. Walimu wakuu wa shule kumi za mwisho waliitwa mbele mmojammoja, wakasimama kuwakabili wenzao, na wa mwisho kabisa akakabidhiwa kinyago cha mpingo chenye ulimi uliotoka nje, akaambiwa akakiweke ofisini kwake mpaka mwakani, atakapokirithisha kwa mwingine. Huyo wa mwisho alikuwa mkuu wangu. Alirudi kwa bodaboda akiwa amekiviringisha kile kinyago kwa kitenge cha mkewe. Alipofika alikitia kabatini, chini ya katoni za chaki, akafunga kwa ufunguo, halafu akaniita nimpelekee rejesta za darasa la sita na la saba.

Wastani ni hesabu ya kugawanya, na ukitaka ukue una njia mbili: ama uongeze jumla ya alama, ama upunguze idadi ya unaowagawia. Chukueni shule yenye watahiniwa 60 na wastani wa alama 96 kati ya 250, kama ulivyokuwa mtihani wa enzi zile. Jumla yao ni alama 5,760. Waondoe watoto tisa wa mkiani ambao wastani wao ni 52, yaani alama 468 kwa pamoja. Wamebaki watoto 51 wenye alama 5,292, na wastani wa shule sasa unakaribia 104. Shule imeuvuka mstari wa ufaulu wa alama 100 bila mtoto hata mmoja kujifunza herufi mpya.

Kwa haki yake, mkuu wangu aliitumia njia ya kwanza pia. Tuliweka kambi, watoto wakalala madarasani kuanzia Julai, wazazi wakachanga mahindi na maharage, na mimi nikafundisha Hisabati saa kumi na moja alfajiri kwa mwanga wa karabai. Alama zilipanda kwa jasho halali. Lakini njia ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na sisi hatukuwa wa kwanza kuigundua. Mzazi wa mtoto wa darasa la sita aliitwa, akaelezwa kwa upole kwamba mwanawe bado hajaiva, kwamba ingefaa arudie darasa, au ahamie kwa mjomba wake kijiji cha pili ambako shule haina msongamano. Wengine hawakuitwa kabisa; walipoanza utoro hapakuwa na mtu wa kuwafuata nyumbani. Kwenye rejesta mbele ya majina tisa iliandikwa “amehama” kwa wino mwekundu.

Msidhani haya ni masimulizi ya kijiji kimoja. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliyachambua matokeo ya nchi nzima ya kipindi hicho. Walikuta kwamba shule zilizoangukia mkiani katika wilaya zao zilipandisha kweli alama mwaka uliofuata, hata pale ambapo hapakuwa na adhabu wala zawadi iliyotamkwa, ila pia idadi ya waliofanya mtihani katika shule hizo ilipungua kwa wastani wa watoto wawili hivi kwa kila shule. Wawili wanaonekana wachache mpaka uwazidishe kwa idadi ya shule za mkiani za wilaya zote za nchi.

Kwa hiyo hoja yangu haihusu kurudisha orodha au kuizika. Kila mahali wastani wa shule unapochapishwa, pembeni yake ichapishwe safu moja zaidi: shule hii ilikuwa na watoto wangapi katika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne miaka mitatu kabla, na wangapi kati yao wamefika darasa la saba. Takwimu hizo hazihitaji mradi wala mfadhili. Baraza linazo, kwa sababu ndilo linalosimamia mitihani yote miwili. Kwa sekondari ni rahisi zaidi: upimaji wa kidato cha pili, kisha kidato cha nne.

Karibuni tujadili.

Mama Wawili

Mwalimu, shikamoo. Mimi si mtu wa elimu, nina duka la vifaa vya ujenzi na watoto wawili shuleni, kwa hiyo nitasema kama mzazi anayelipa. Tangu orodha ifutwe sijaona shule iliyoacha kujitangaza. Barabara ya kwetu ina mabango matatu, kila moja likidai shule yake imekuwa ya kwanza kiwilaya, na sina pa kwenda kuhakikisha. Matokeo ya kila shule bado yanawekwa kwenye tovuti ya Baraza, na wenye kujua kompyuta huyakokotoa wenyewe na kuzisambaza orodha zao kwenye makundi ya WhatsApp kabla jua halijazama. Orodha haikufa, imekuwa ya mitaani, isiyo na mhuri wala wa kuulizwa. Ningependa irudi yenye mhuri, na ikirudi na hiyo safu yako nitaisoma kabla ya kusoma wastani. Nimekubali hoja yako, ila usinifiche taarifa kwa jina la kumlinda mwanangu.

Bwana Mizania

Mwalimu Chaki, umeandika vizuri, lakini nahofia hoja yako itatumiwa na wale wasiotaka kupimwa kabisa. Kabla ya 2013 walimu tulikuwa hatuulizwi lolote. Mimi pia nimefundisha, najua nilivyokuwa nikijaza andalio la somo la wiki nzima Ijumaa jioni ili mkaguzi akija Jumatatu alikute. Fedha peke yake haikuwahi kutibu ugonjwa huo. Jaribio la KiuFunza la shirika la Twaweza, lililofanyika katika shule 350, lilizipa baadhi ya shule ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, katika nyingine walimu wakaahidiwa bonasi kwa watoto watakaofaulu, na nyingine zikapata vyote viwili. Ruzuku tupu haikuinua ujifunzaji. Vilipoungana, watoto walijifunza zaidi, tena kuliko jumla ya kila kimoja peke yake. Maana yake ni kwamba mwalimu anatakiwa apewe vitendea kazi na pia aulizwe umezalisha nini. Ukiondoa swali, vitabu vitabaki stoo.

Chaki Nyeupe

Mama Wawili, marahaba. Sijafika mahali pa kutaka ufichwe chochote. Nataka uonyeshwe zaidi ya unavyoonyeshwa.

Bwana Mizania, mfano ulioleta unanisaidia kuliko ulivyokusudia. Angalia bonasi ile ilivyopangwa: shilingi 5,000 kwa kila mtoto kwa kila somo alilovuka kiwango. Mtoto asiyevuka hampunguzii mwalimu chochote; kukaa kwake darasani si hasara kwa mtu. Huenda mwalimu mvivu akampuuza, hilo nakubali, lakini hana sababu ya kumfukuza. Wastani wa shule unafanya kinyume: mtoto dhaifu anageuka kuwa deni linaloliwa na alama za wenzake, na mwalimu mkuu aliyekabidhiwa kinyago anajua namna ya kufuta deni. Vipimo vyote viwili vinamwuliza mwalimu maswali, ila kimoja kinamwuliza kuhusu watoto na kingine kuhusu sehemu ya watoto aliyoamua kuibakiza.

Kuna kipimo cha tatu ambacho nakiheshimu zaidi, nacho ni Uwezo, kilichoanza kupima hapa mwaka 2010. Wao hawampimi mtoto shuleni. Wanabisha hodi nyumbani, wanamkuta mtoto uani, wanampa kisomo cha kiwango cha darasa la pili asome, awe anasoma shule au ameacha. Ripoti yao ya kwanza ilionyesha kwamba mmoja kati ya wahitimu watano wa darasa la saba hakuweza kusoma Kiswahili cha darasa la pili. Nakumbuka hasira iliyozuka katika vikao vya walimu, tulisema wametudhalilisha. Lakini huwezi kuandika “amehama” mbele ya mtoto aliyekaa kwenye mkeka wa mama yake.

Kidato cha 2012

Mimi ni mmoja wa wale wa kidato cha nne 2012, na naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa, kwa sababu mnazungumzia kupimwa bila kuzungumzia rula. Februari 2013 Waziri wa Elimu, Kawambwa, alitangaza matokeo yetu, nikawa na sifuri. Nyumbani hapakupikwa. Mei mwaka huohuo Waziri Lukuvi akasimama bungeni kueleza kwamba matokeo yamefutwa na yatachakatwa upya, kwa kuwa utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa. Yalipotoka mara ya pili nilikuwa na daraja la nne. Sikuwa nimeandika neno jipya kwenye karatasi ya majibu. Oktoba 2013 yakatangazwa madaraja mapya yenye B+ na E, pamoja na daraja la tano lililofutwa kabla halijazoeleka masikioni. Ukafuata mfumo wa wastani wa pointi (GPA) wenye majina kama ya vyuo vikuu. Mwanzoni mwa 2016 Waziri wa Elimu Ndalichako, aliyekuwa kiongozi wa Baraza lenyewe wakati wa matokeo yetu, akaurudisha mfumo wa madaraja.

Chukueni alama 62. Kwa mpangilio wa Oktoba 2013 ilikuwa B+, kwa kuwa B+ ilianzia 60. Kwa mpangilio wa sasa, ambao B inaanzia 65, ni C. Sasa mwalimu mkuu aliyeshushwa cheo kwa sababu C zimezidi atajitetea kwa rula ipi? Ukitaka kumwajibisha mtu kwa namba, namba hiyo ibaki na maana ileile angalau kwa muda wa mtoto mmoja kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne.

Mwalimu wa Kukodi

Niliyoyaona shule binafsi ni makubwa kuliko ya Mwalimu Chaki, na huko hakuna anayeona haya. Nilifundisha sekondari moja, jina nalihifadhi, ambako wastani wa kupanda darasa ulikuwa 50, na asiyeufikia hukabidhiwa barua ya uhamisho siku ya kufunga shule, mzazi akiwa tayari ameshalipia sare ya mwaka ujao. Waliopenya hadi kidato cha nne wakiwa bado dhaifu walisajiliwa wafanye mtihani katika kituo kingine kwa makubaliano ya wenye shule wawili. Asubuhi ya mtihani wa kwanza basi dogo liliwachukua watoto kumi na moja, wamevaa sweta za shule ambayo hawajawahi kusoma hata siku moja. Mwaka ule tulikuwa na bango kubwa: hakuna daraja la tatu, hakuna la nne, hakuna sifuri. Bango lilisema kweli tupu.

Mkazi wa Voi

Salamu kutoka Kenya. Kwetu Waziri wa Elimu Kaimenyi alipiga marufuku kupanga shule na wanafunzi mwaka 2014, na sababu alizotoa ni hizihizi mnazozitaja. Hata hivyo magazeti yaliendelea kusaka wanafunzi waliong'ara na kuwapiga picha wakibebwa juujuu na jamaa zao, maana anayeuza gazeti hahitaji ruhusa ya wizara kujua nani amepata alama nyingi. Mtihani wenyewe wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulioanza 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023 kutokana na mtaala mpya. Naona nanyi mnaelekea huko, kwani sera yenu ya elimu, toleo la 2023, inaleta miaka sita ya msingi bila mtihani wa kuchuja. Ushauri wangu kama jirani ni mmoja: msifikiri mchujo utakoma kwa sababu mtihani umekoma. Utahamia kwenye mlango unaofuata, na yeyote anayetaka kuhesabu watoto waliopotea njiani aanze kuwahesabu sasa wakati bado kuna milango miwili ya kulinganisha.

Bwana Mizania

Nimesoma na nimelegea kidogo, ila nina swali la kiutendaji. Siku hizi kila mtoto ana namba ya PReM, mfumo wa kompyuta wa Baraza wa kumbukumbu za wanafunzi, tangu anapoandikishwa, na uhamisho hupitia kwenye mfumo huohuo. Mwalimu hawezi kumwondoa mtoto kwa wino tu kama zamani. Je, tatizo unalolieleza halijapitwa na wakati? Pia, shule iliyo mgodini au penye wafugaji hupoteza watoto bila hila ya mtu yeyote. Safu yako itaiaibisha shule ambayo haina kosa.

Chaki Nyeupe

Naanza na la pili, kwa sababu ndilo zito. Ni kweli, na nimefundisha penye wafugaji. Mvua ikichelewa nusu ya darasa hufuata ng'ombe. Safu hiyo isitumike kumpa mtu kinyago. Iwe ni kitu cha kumfanya Mthibiti Ubora, yule tuliyemwita mkaguzi, ashuke kwenye pikipiki aulize wale ishirini wako wapi. Shule ya wafugaji itakuwa na jibu, na kijiji kizima kitalithibitisha. Shule ya Mwalimu wa Kukodi haitakuwa nalo. Tofauti ya majibu hayo mawili haionekani kwenye wastani hata uutazame kwa darubini.

Kuhusu PReM, ni hatua nzuri, na inanirahisishia hoja: kama kila mtoto ana namba, basi kujua nani alikuwa darasa la nne na hayupo darasa la saba ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu mwenye kompyuta. Kilichobaki ni uamuzi wa kuichapisha. Na tukumbuke kwamba namba haimzuii mtoto kukaririshwa darasa wala kukatishwa tamaa; inazuia tu asipotee bila alama.

Ndugu yangu wa Kidato cha 2012, sina jibu kwako zaidi ya kukubali. Mimi nilisahihisha mitihani ya majaribio ya wilaya kwa madaraja matatu tofauti ndani ya miaka minne, na kuna mwaka tulilazimika kuzifuta kwa kifutio alama zote za ubaoni na kuziandika upya mbele ya wazazi waliokuwa wamekwisha kuzinakili.

Msomaji Kimya

Mwalimu, yale majina tisa. Umeandika “iliandikwa”. Aliandika nani?

Chaki Nyeupe

Nilijua ataulizwa mtu, na ni haki yako kuuliza.

Mwandiko ni wangu. Mkuu hakuniamuru, alinisomea majina, akanyamaza, akatoka kwenda kunawa mikono, nami nikachukua kalamu nyekundu. Mwaka uliofuata tulipanda hadi njano na kinyago kikaenda shule nyingine. Mmoja wa wale tisa nilikuwa nikimwona kila Jumamosi gulioni, akiuza mayai ya kuchemsha na kachumbari ndani ya ndoo nyeupe yenye mfuniko. Aliniamkia siku zote kwa adabu, na siku zote nilinunua mayai mawili. Siku moja, akiwa anamenya la pili, aliniambia kwamba dada yake ameona jina lake kwenye rejesta alipotumwa kuipeleka ofisini, na limeandikwa amehama. Hakuwa na hasira. Alinyunyiza chumvi, akanipa yai kwenye kipande cha gazeti, akaniuliza shule aliyohamia inaitwaje.